Mchoro wa mantiki ya mradi: mwongozo kamili kwa vikundi vinavyoomba ruzuku

Andiko la mradi linaweza kuwa na bajeti safi, barua za halmashauri zenye mihuri na picha nzuri za akina mama wakiwa baharini, kisha likaanguka kwa ukurasa mmoja tu: ule wa mchoro wa mantiki, unaoonyesha jinsi fedha na kazi za mradi zitakavyoleta mabadiliko kwa watu. Kosa ni lilelile kila mara. Kikundi kinaandika "kutoa mafunzo kwa wanawake 40" kwenye safu ya shughuli, halafu kwenye safu ya matokeo kinaandika "wanawake 40 wamepata mafunzo". Msomaji wa upande wa mfadhili anaona sentensi moja iliyoandikwa mara mbili, na swali lake linabaki palepale: baada ya mafunzo, kimebadilika nini, na kwa nani?

Hapa mchoro unajengwa hatua kwa hatua kwa mfano mmoja: kikundi cha wakulima 40 wa mwani katika kijiji cha pwani ya Mkinga, mkoani Tanga, kinachoomba ruzuku ya miezi 18 ili mwani wao uache kukatwa kilo na wanunuzi kwa sababu ya mchanga na unyevu. Kikundi na tarakimu zake ni za mfano. Aliye Pangani au Mlingotini kule Bagamoyo aweke za kwake, na asiyelima mwani aweke kazi yake, njia haibadiliki.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba uzito wa mchoro haupo kwenye visanduku, upo kwenye mishale inayoviunganisha. Kila mshale ni dai: hili likitokea, lile litafuata. Madai hayo yapimeni ninyi kabla mfadhili hajayapima.

## Majina ya safu tano

Fomu za wafadhili hazikubaliani kwa majina, na ugomvi mwingi vikaoni hutokana na hilo. Someni maelezo ya fomu yenu, kisha mlinganishe na haya:

Rasilimali ni watu, fedha, vifaa, muda na eneo mlilonalo au mnaloomba. Shughuli ni kazi mnayoifanya. Mazao ya kazi ni kile kinachohesabika siku kazi inapoisha: vichanja 20 vimesimama, watu 40 wamemaliza mafunzo. (Mwani wenyewe hauhusiki na neno hili, wakulima huchanganyikiwa hapa, waelezeni mapema.) Matokeo ni mabadiliko kwa watu: wanachokijua, wanachokifanya, wanachokipata. Athari ni hali kubwa ambayo mradi unaichangia lakini hauwezi kuifikisha peke yake.

Kutenganisha mazao ya kazi na matokeo kuna kipimo rahisi. Kama kikundi kinaweza kulikamilisha jambo kwa fedha na jasho lake chenyewe, hilo ni zao la kazi. Kama ni lazima mtu mwingine aamue kufanya tofauti ndipo jambo litokee, hilo ni matokeo. Kusimamisha kichanja ni juu yenu. Mama kuacha kuanika mchangani ni juu yake.

## Mahitaji

Kabla ya kumwita mtu yeyote kikaoni, kusanya:

- Tangazo la mfadhili na fomu yake, vimechapishwa kwenye karatasi.
- Daftari la mauzo la kikundi la angalau mwaka mmoja uliopita. Kama halipo, stakabadhi za mnunuzi.
- Takwimu za kijiji kutoka ofisi ya mtendaji: idadi ya kaya, wakulima, watu wenye ulemavu.
- Rasimu ya bajeti, hata kama bado ni ya penseli.
- Karatasi kubwa 6, zile za semina, na selotepu ya karatasi isiyobandua rangi ya ukuta.
- Karatasi za manila zilizokatwa vipande vya ukubwa wa nusu ya A5, kama 80. Duka lolote la vifaa vya shule pale Ngamiani, jijini Tanga, linazo.
- Makapeni ya rangi mbili.

Msichore moja kwa moja kwenye kompyuta. Kadi ya manila inahamishwa kwa mkono na mtu yeyote aliye chumbani. Kompyuta inahamishwa na mwenye kompyuta tu, na fikra za wengine zinabaki vichwani mwao.

Watu wawe 6 hadi 8: wakulima watatu wenye mashamba yao (mmoja wao awe yule anayelalamika kila mkutano), katibu, mweka hazina, afisa uvuvi au afisa maendeleo ya jamii wa kata, na mwandishi wa andiko. Mweka hazina asikosekane, kwa kuwa mchoro uliofanywa bila yeye huachana na bajeti kabla ya wiki kwisha.

Tengeni siku mbili, na zisiwe za bamvua. Maji yanapotoka sana ndipo akina mama wanaingia mashambani. Mkiita kikao siku hizo mtapata wenye nafasi, mtakosa wenye kazi. Chagueni siku za maji mafu, mwezi ukiwa robo.

## Hatua ya 1: Chambua tangazo la mfadhili

Pigia mstari vitenzi na makundi ya watu. Tangazo likisema "kuongeza kipato cha wanawake na vijana katika uchumi wa buluu", basi kwenye safu ya matokeo lazima waonekane wanawake, waonekane vijana, na kionekane kipato. Andika pia ukomo wa fedha, muda, na vitu ambavyo mfadhili amesema hatavigharamia. Wengine hawalipii majengo, wengine hawalipii posho.

Umefanikiwa ukiwa na nusu ukurasa wa mambo 5 au 6, umebandikwa juu kabisa ya ukuta. Kila kadi itakayobandikwa baadaye itapimwa kwa hayo.

## Hatua ya 2: Andika tatizo kwa sentensi moja

Sentensi itaje nani, wapi, anapata hasara gani, kiasi gani, na kwa sababu ipi.

Mbaya: "Wakulima wa mwani hawana vichanja vya kuanikia." Hapo mmeandika dawa mnayoitaka, mkaibandika neno "hawana". Mfadhili atauliza: na wakivipata, iweje?

Nzuri: "Katika msimu wa masika uliopita, wakulima 40 wa mwani wa kijiji chetu walipeleka kwa mnunuzi kilo 2,400 za mwani mkavu, na kilo 600, yaani asilimia 25, zikakatwa au kukataliwa kwa mchanga na unyevu."

Sentensi ya pili haipatikani bila daftari. Kama hamna takwimu, simamisheni kazi hapo mkazitafute. Kikundi kisichojua hasara yake hakitaweza kuonyesha kwamba imepungua.

Kisha ulizeni "kwa nini?" mara nne au tano, kila jibu kwenye kadi yake. Kwa nini mwani una mchanga? Unaanikwa ufukweni. Kwa nini una unyevu? Mvua huukuta nje, au unafungwa kwenye viroba kabla haujakauka. Kwa nini unafungwa mapema? Mama anataka fedha wiki hii. Kwa nini wiki hii? Kuna hisa za vicoba na rejesho la mkopo. Haohao wenye haraka ndio wanaovuna kabla ya wiki sita, na mwani usiokomaa ukikauka hubaki mwepesi na hafifu.

Msiyaharakishe maswali haya. Mlianza na vichanja, na sasa kumbe nusu ya tatizo ni kalenda ya madeni. Mradi unaojenga vichanja 20 na kuliacha deni lilivyo utakuwa na vichanja vitupu mwezi wa saba. Kama kikundi kimechukua mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ule unaogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, angalieni tarehe za marejesho zinaangukia wapi kwenye mzunguko wa siku 45 wa mwani.

Chagueni sababu mbili au tatu mnazoziweza. Zilizobaki msizitupe, zibandikeni pembeni. Zitarudi kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 3: Anza kulia, rudi kushoto

Vikundi vingi huanza na shughuli kwa sababu ndizo wanazozijua. Matokeo yake ni kwamba matokeo hutungwa ili yafanane na shughuli. Geuzeni. Bandikeni kwanza athari kulia kabisa, kisha matokeo, ndipo mje kwenye kazi.

Athari iwe sentensi moja fupi, ya mahali penu. "Kutokomeza umaskini mkoani Tanga" ni mzigo ambao kikundi cha watu 40 hakiwezi kuubeba, na kuuandika kunamwonyesha msomaji kwamba hamjapima nguvu zenu. Andikeni: "Kaya za wakulima wa mwani kijijini zina kipato cha kutegemeka mwaka mzima."

Matokeo yana ngazi. Ya karibu huwa ujuzi na tabia, ya mbali zaidi huwa hali ya maisha. Kila sentensi iwe na nani, anafanya au anapata nini kwa namna tofauti, kiasi gani, na lini. Kwa mfano wetu, mradi ukianza Julai:

- Kufikia mwisho wa mwezi wa 8 wa mradi (Februari), wakulima 32 kati ya 40 wanaanika mavuno yao yote kwenye vichanja kwa bamvua mbili mfululizo.
- Katika masika, mwezi wa 9 hadi wa 11 wa mradi, mwani unaokatwa au kukataliwa umeshuka kutoka asilimia 25 hadi isiyozidi 10.
- Kufikia mwezi wa 18 wa mradi, wakulima 30 kati ya 40 wanauza kwa makubaliano yanayolipa mwani wa daraja la kwanza bei ya juu kuliko wa daraja la pili.

Tazameni miezi hiyo vizuri. Tatizo liliandikwa kwa takwimu za masika. Mradi wa miezi 18 unaoanza Julai unakutana na masika moja tu, Machi hadi Mei. Vichanja visiposimama kabla ya Februari, masika hiyo itapita na hamtakuwa na nyingine ya kupimia. Kalenda ya bahari ndiyo inayopanga mpango kazi hapa. Mwezi fedha zitakapoingia benki unafuata nyuma yake. Mfadhili akichelewesha fedha hadi Oktoba, ni lazima ratiba nzima ihesabiwe upya, msiisogeze tu kwa miezi mitatu.

Kwa nini 32 na si 40? Kwa sababu kuna mama atakayeugua, atakayehama, na asiyetaka. Asilimia 80 inayotimia ina heshima kuliko 100 mtakayoanza kuitolea maelezo mwezi wa sita.

Hatua imekamilika pale ambapo mtu asiyejua mradi akisoma safu ya matokeo peke yake anaweza kusema nani atakuwa anaishi tofauti, bila kuona neno "mafunzo", "semina" wala "uhamasishaji".

## Hatua ya 4: Shughuli na mazao ya kazi

Kwa kila tokeo, ulizeni: ni kazi gani ya chini kabisa isiyoweza kukosekana ili watu wafike hapo? Andikeni hizo tu. Mchoro wenye shughuli 15 unaonyesha kikundi kilichoshindwa kuchagua. Tatu hadi tano zinatosha.

Kwa mfano wetu: kujenga vichanja, mafunzo ya vitendo ya kuvuna kwa wakati, kuanika na kufunga, na mazungumzo na wanunuzi yanayoishia kwenye makubaliano ya madaraja, pamoja na mizani ya kikundi.

Mkabala na kila shughuli bandikeni zao lake la kazi likiwa na namba: vichanja 20, wakulima 40 wamemaliza siku 3 za mafunzo, mizani 1 iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, makubaliano 1 yaliyosainiwa.

Namba zisitoke hewani. Kabla ya kuandika "vichanja 20", jengeni kimoja cha majaribio. Tandazeni mavuno ya bamvua moja ya mama mmoja, pimeni eneo lililotumika na hesabuni siku hadi yakauke, mara moja siku za jua na mara moja siku za mawingu. Kama mavuno ya mama mmoja yanajaza nusu ya kichanja hadi yakauke, vichanja 20 vinawatosha watu 40. Kama yanajaza kichanja kizima na hayakauki kabla mwenzake hajavuna, vichanja 20 ni foleni, na anayesubiri foleni atarudi kuanika mchangani.

Tahadhari mbili za hatua hii. Nguzo zisiwe za mikoko. Haikatwi bila kibali, na msomaji makini ataliona hilo kwenye bajeti hata kama mmeandika "miti" tu. Tajeni mvinje au mikaratusi. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, shughuli za kudumu au zinazoweza kuyadhuru mazingira hayo. Ongeeni na afisa mazingira wa halmashauri kabla ya kuchagua eneo, hasa kama mna nia ya kumwaga zege.

## Hatua ya 5: Rasilimali

Hapa mweka hazina ashike usukani. Kila mstari wa bajeti uwe na shughuli yake ukutani, na kila shughuli iwe na mstari wake kwenye bajeti. Mstari usio na kadi ni gharama isiyo na sababu. Kadi isiyo na mstari ni kazi itakayokwama.

Andikeni pia mlivyonavyo: eneo lililotolewa na serikali ya kijiji kwa muhtasari wa mkutano, nguvu kazi ya wanachama, siku za afisa ugani. Nguvu kazi ihesabiwe. Wanachama 40 wakifanya kazi siku 4 kila mmoja, hizo ni siku 160 za kazi, na zikithaminiwa kwa ujira wa kibarua wa kijijini zinakuwa mchango wa kikundi unaoonekana. Vikundi vingi huuacha mchango huu nje, kisha vinaonekana kama vimekuja mikono mitupu.

## Hatua ya 6: Pima kila mshale

Ikiwa mna muda wa kufanya hatua moja tu kwa utulivu, iwe hii.

Simameni mbele ya ukuta na msome kwa sauti kutoka kushoto kwenda kulia, kwa maneno haya: "Kama ... basi ... kwa sababu ..." Mmoja asome, wengine watafute pa kupinga. Mtu akisita kwenye "kwa sababu", mshale huo una ufa.

"Kama tukitoa mafunzo ya siku 3, basi wakulima 32 watavuna baada ya wiki sita, kwa sababu watajua faida yake." Pingeni. Wakulima hawa wanajua tayari. Wanavuna mapema kwa sababu ya rejesho. Mafunzo hayaligusi deni. Ufa huu unazibwa kwa kadi mpya: kikao na viongozi wa vicoba ili siku za marejesho zifuate mavuno. Kadi hii haina gharama kubwa, na bila yake fedha za mafunzo zinapotea.

"Kama mwani hauna mchanga, basi bei itapanda, kwa sababu ni safi." Pingeni tena. Je, mnunuzi analipa kwa madaraja, au ana bei moja kwa mwani wote? Kama ni bei moja, mama aliyehangaika kwa kichanja anapata sawa na aliyeanika mchangani, na ndani ya misimu miwili naye atarudi mchangani. Halafu kuna kamba. Katika vijiji vingi vya pwani, mnunuzi ndiye anayewapa wakulima kamba na tai-tai (vikamba vidogo vya kufungia mwani kwenye kamba), na aliyepokea hulazimika kumuuzia yeye. Mkulima aliyefungwa namna hiyo hawezi kwenda kwa mnunuzi anayelipa zaidi, hata mwani wake uwe mweupe wa usafi kama chumvi.

Mshale wa soko ndio unaovunjika mara nyingi kuliko yote katika miradi ya mwani, dagaa wa kukausha, asali na vikapu. Watu wanaboresha bidhaa, wanadhani bei itafuata yenyewe. Haifuati mpaka kuna mtu aliyekubali kuilipa. Ndiyo maana kwenye hatua ya 4 makubaliano ya madaraja yamewekwa kama shughuli kamili. Mkiiacha kama tumaini, safu ya mwisho ya matokeo haina miguu. Na kama kamba za mnunuzi ndizo kikwazo, bajeti iwe na mfuko mdogo wa kamba za kikundi wenye utaratibu wa kurejesha.

Tarajieni kuhamisha au kutupa robo ya kadi katika hatua hii. Ukuta usiobadilika hata kidogo unaonyesha kwamba hakuna aliyepinga. Mwiteni mnunuzi mmoja, hata kwa simu, mumwulize mshale huo wa soko. Jibu lake lina thamani kuliko kurasa tano za maelezo ya uhitaji.

## Hatua ya 7: Mambo mnayoyategemea na yaliyo nje ya uwezo wenu

Rudini kwenye kadi zilizobandikwa pembeni. Kila moja ipitie maswali mawili: likienda vibaya, mradi unakufa? Na uwezekano wa kwenda vibaya ni mkubwa?

Lenye madhara madogo, liacheni. Lenye madhara makubwa lakini uwezekano mdogo, liandikeni chini ya mchoro kama jambo mnalolitegemea. Lenye madhara makubwa na uwezekano mkubwa halifai kuandikwa tu, badilisheni mradi.

Joto la kaskazi ni mfano mzuri. Kati ya aina mbili za mwani unaolimwa, kotonii hulipwa zaidi kuliko spinosamu, lakini ndiyo inayougua upesi maji ya kina kifupi yakipata moto: inageuka nyeupe, inakatika, inachukuliwa na maji. Kikundi kinachopanga matokeo yote kwa kotonii ya maji mafupi kimejenga juu ya jambo ambalo uwezekano wa kuharibika ni mkubwa. Ama wapande spinosamu kwenye maji mafupi, ama waweke kamba za kuelea kwenye kina kirefu na waingize gharama za ngalawa na usalama wa wasiojua kuogelea.

Bei ya soko la dunia hamuwezi kuigusa. Iandikeni waziwazi, na hakikisheni kiashiria chenu hakiitegemei peke yake.

## Hatua ya 8: Viashiria

Kiashiria kimoja au viwili kwa kila tokeo. Kila kimoja kiwe na mambo matano: kinapima nini, takwimu za mwanzo, shabaha, zinapatikana wapi, na nani anazichukua lini.

Kwa tokeo la pili, kiashiria ni asilimia ya mwani uliokatwa au kukataliwa: kilo zilizokatwa, gawanya kwa kilo zilizopelekwa, zidisha kwa 100. Mwanzo 25, shabaha 10. Chanzo ni daftari la kikundi likilinganishwa na stakabadhi za mnunuzi. Katibu msaidizi ndiye anayejaza, kila siku ya mauzo, mizani ya kikundi ikitangulia ya mnunuzi.

Linganisheni masika na masika. Mkichukua takwimu za mwanzo za masika, kisha mkapima mwezi wa Januari jua likiwaka, hasara itashuka hata bila mradi, na mtathmini atawaambia hivyo.

Kipato kipimwe kwa uangalifu. Swali la "unapata shilingi ngapi kwa mwezi?" huleta majibu ya kukisia. Ulizeni kilo alizouza na bei aliyolipwa kwa kila kilo katika bamvua iliyopita, kisha mpige hesabu wenyewe. Na msiweke kiashiria ambacho hakuna aliyekubali, kwa jina lake, kukikusanya.

## Hatua ya 9: Hamishia kwenye ukurasa mmoja

Pigeni picha ya ukuta kwanza, kwa sababu selotepu huachia usiku.

Tumieni A4 iliyolazwa, safu tano, maandishi yasiyopungua ukubwa wa 10. Mishale iende kushoto kwenda kulia. Ikipishana kama nyavu, punguzeni visanduku. Chini wekeni mstari mmoja wa mambo mnayoyategemea. Chapisheni kwa wino mweusi mtupu muone kama bado inasomeka, maana wengi wataisoma hivyo.

Kama mfadhili anadai pia jedwali la mantiki, lile ambalo wengine huliita bangokitita, msianze upya. Athari na matokeo vinaingia safu ya kwanza kuanzia juu, mazao ya kazi na shughuli vinafuata chini. Viashiria safu ya pili. Chanzo cha takwimu safu ya tatu. Mambo mnayoyategemea safu ya nne.

Kisha mtu mmoja apitie andiko lote na kalamu, akizungushia duara kila namba. Wakulima 40 kwenye mchoro, 45 kwenye maelezo na posho za watu 50 kwenye bajeti: hilo peke yake linatosha kuondoa imani ya msomaji kwenye mengine yote.

Kama andiko linatakiwa kwa Kiingereza, kamilisheni mchoro kwa Kiswahili kwanza, wanachama waukubali, ndipo utafsiriwe. Mfadhili akija kutembelea kijiji atamwuliza mama aliye na kamba mkononi, na mama huyo lazima aweze kuueleza mradi wake.

## Hatua ya 10: Jaribio la nje

Mpe mwalimu wa shule ya msingi au muuguzi wa zahanati, mtu asiye mwanachama, ukurasa huo kwa dakika tano. Uchukue. Mwombe aeleze mradi unafanya nini, kwa nani, na kwa nini utafanikiwa. Msimsahihishe wala kumsaidia. Anapokwama ndipo pa kurekebisha. Akieleza shughuli zote vizuri lakini akashindwa kusema nini kitabadilika, rudini hatua ya 3.

## Bajeti ikikatwa

Hifadhini karatasi za ukutani baada ya kuwasilisha, kwa kuwa jibu linaloweza kuja ni "tumekubali, lakini kwa asilimia 60 ya mlichoomba". Kishawishi ni kupunguza kila mstari kidogo: mafunzo siku 3 yawe 2, vichanja vyembamba zaidi, mazungumzo na wanunuzi yafutwe kwa kuwa "ni maneno tu". Hapo mnakata mishale, na mchoro mzima unakufa kwa wakulima wote 40.

Punguzeni watu, msikate mnyororo. Asilimia 60 ya 40 ni wakulima 24, na vichanja vyao ni 12. Mizani inabaki 1, makubaliano yanabaki 1, na kikao cha vicoba kinabaki. Gharama hizo hazishuki kwa kupunguza watu, kwa hiyo pigeni hesabu upya na huenda idadi ikatua kwenye 20 au 22. Andikeni jinsi waliobaki watakavyoingia awamu ya pili, na jinsi 20 wa kwanza watakavyochaguliwa, kwa utaratibu uliopitishwa kwenye mkutano wa kikundi na kuandikwa kwenye muhtasari kabla mkataba haujasainiwa.